Kuhamisha kanda za video za zamani kwenda dijitali ukiwa nyumbani: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kama una boksi la kanda za video za zamani na umeamua sasa zinaingia kwenye kompyuta, nakuomba kitu kimoja kabla ya vyote: leo usichomeke kanda yoyote kwenye deki. Najua hamu inavyokuwa, mi mwenyewe nilishindwa kujizuia, nikachukua kanda ya harusi ya wazazi wangu nikaichomeka kwenye deki ya kuazima ambayo ilikuwa haijawashwa miaka, nikasikia krrr, picha ikaganda, nikaitoa utepe umening'inia nje kama utumbo. Nilifanikiwa kuurudisha ndani ila ile sehemu mama anaingia mlangoni imebaki na mkunjo na chenga mpaka leo na hakuna programu itakayoirudisha.

Ndo maana kwenye mwongozo huu nusu nzima inahusu kanda na deki, kompyuta inakuja baadae. Watu wengi wanaanza kwa kuuliza programu gani nzuri, lakini ubora unatoka kwenye kanda na deki, na kuna kanda zimebakiza nafasi moja tu ya kucheza vizuri. Hiyo nafasi moja unataka iangukie siku ambayo kila kitu kiko tayari na unarekodi.

Kwanza jua una kanda gani

Ile kubwa ya kawaida ni VHS, utepe wake una upana wa milimita 12.7. VHS-C ni ndogo ya kwenye kamera lakini utepe ni uleule, kwahiyo unaiweka kwenye adapta yake yenye umbo la kanda kubwa na inacheza kwenye deki ya VHS (adapta nyingi zinatumia betri moja ndogo, weka mpya). Video8 na Hi8 ni kanda ndogo zenye utepe wa milimita 8, na hizi sikia vizuri, HAMNA adapta ya kuziingiza kwenye deki ya VHS, anayekwambia anayo anakuuzia ya VHS-C na ukilazimisha utaharibu vyote viwili. Hizo zinahitaji kamera yake au deki yake. Betamax nayo inataka deki ya Betamax, haiingii kwenye VHS.

MiniDV ni habari tofauti kabisa. Zilianza 1995 na ndani yake tayari kuna data ya dijitali, kwahiyo usizinase kwa waya za AV kama VHS, utakuwa unashusha ubora bure. Unaunganisha kamera na kompyuta kwa FireWire (waya wa kuhamishia data ya dijitali) unaikopi kama ilivyo, saa moja ni kama GB 13. Na kama una Hi8 au Video8, ukipata kamera ya Digital8 inayosoma kanda hizo umeokoka, kwa sababu inazibadilisha yenyewe ndani na kuzitoa kwa FireWire, hauhitaji hata kinasa (kile kidude cha kuingizia picha kwenye kompyuta, nitakieleza mbele). Sio modeli zote za Digital8 zinasoma kanda za zamani kwahiyo angalia modeli kabla hujanunua.

Kingine ni mfumo. PAL ina mistari 625 na fremu 25 kwa sekunde, NTSC ina mistari 525 na fremu kama 30 (kamili ni 29.97). Kanda iliyorekodiwa Marekani au Japani itakuwa NTSC, na ukiiweka kwenye deki ya PAL tupu picha inatoka bila rangi au inapanda na kushuka, watu wanadhani kanda imekufa kumbe ni mfumo tu. Tafuta deki ya mifumo mingi na kinasa ukiseti mfumo huohuo wa kanda.

Kukagua kanda

Chukua kanda moja moja, simama penye mwanga. Angalia kwenye kidirisha, ule utepe uliojiviringisha unatakiwa uwe mweusi au kahawia iliyoiva na uso wake umelala sawa. Ukiona unga mweupe au vitu kama utando wa buibui pembeni ya utepe, huo ni ukungu. Hiyo kanda weka pembeni ndani ya mfuko, usiicheze, kwa sababu ukungu unahamia kwenye deki na deki inaupaka kwenye kanda zote zitakazofuata, na hata kwako mwenyewe huo ukungu sio kitu cha kuvuta puani. Kanda za ukungu peleka kwa fundi anayejua kuzisafisha au uziache mpaka mwisho kabisa na deki ambayo upo tayari kuipoteza.

Alafu bonyeza kale kakitufe pembeni ya kanda, mfuniko wa mbele utafunguka, utazame utepe kama una mkunjo au umekatika. Ukitaka kuzungusha magurudumu kwa mkono kuna tundu katikati upande wa chini, ingiza penseli humo ndo breki zinaachia. Utepe uliolegea unauvuta kwa kuzungusha gurudumu taratibu. Kama umekatika unafungua skrubu 5 za kasha na kuunga kwa selotepu maalumu ya kuungia kanda, usitumie selotepu ya kawaida hata kwa dharura maana gundi yake inayeyuka na kwenda kuganda kwenye hedi ya deki (kile kichwa kinachosoma utepe). Kama kasha limepasuka lakini utepe ni mzima, toa utepe na magurudumu yake uhamishie kwenye kasha la kanda usiyoihitaji, piga picha kwanza ujue kila kitu kilikaaje.

Na hii usiiruke: vunja kile kipande kidogo cha plastiki kwenye ubavu wa kanda. Kikiwa hakipo deki haiwezi kurekodi juu yake hata ukikosea kitufe. Kanda za milimita 8 na MiniDV zina kiswichi cha kusogeza badala ya kuvunja.

Kama kanda zilikaa sehemu ya baridi ziache kwenye chumba utakachofanyia kazi siku nzima, unyevu ukijikusanya kwenye utepe utanata kwenye duara la hedi na hapo ndo kutafunwa kunakoanzia.

Deki

Deki mpya hazitengenezwi tena, kampuni ya Funai ya Japani ambayo ndo ilikuwa imebaki ikitengeneza iliacha Julai 2016, kwahiyo utakayopata ni iliyotumika. Ukiweza kupata ya S-VHS (VHS iliyoboreshwa) chukua, ina tundu la S-Video, lile la picha safi kuliko ya waya wa njano, na mara nyingi picha inatulia zaidi. Kama hamna, deki nzuri ya VHS ya kawaida yenye sauti ya Hi-Fi inatosha kabisa. Kuwa nazo zaidi ya moja ni faida maana kanda nyingine inagoma kwenye deki hii na kwenye ile inacheza kama mpya, zilivyokaa hedi zake zinatofautiana kidogo kidogo.

Deki ikija nyumbani, usafi kwanza. Chomoa waya wa umeme ukutani, subiri, ndo ufungue mfuniko wa juu, na usiguse upande wa pawa saplai. Utaona duara la chuma linalong'aa limekaa mshazari, hilo ndo linabeba hedi, kwenye PAL linazunguka mara 1500 kwa dakika na hedi zenyewe ni vipande vidogo sana vilivyojitokeza kwenye ukingo, ukikaza macho utaviona kwenye vitobo vyake. Chukua karatasi nyeupe ya kawaida, ikunje, iloweshe spiriti safi aina ya isopropili ya asilimia 99, ishike imegusa duara bila kukandamiza, alafu kwa mkono mwingine zungusha duara taratibu kutokea juu. Karatasi inakaa palepale, kinachotembea ni duara. KAMWE usisugue kwenda juu na chini na usitumie pamba ya masikio, nyuzi zinanasa kwenye hedi na kuing'oa, na hedi ikitoka deki imeisha. Ukiona karatasi ina mstari mweusi geuza sehemu safi urudie mpaka itoke nyeupe. Yale mapini ya chuma yanayoongoza utepe yafute pia. Roli ya mpira ifute na kitambaa chenye maji kidogo tu, spiriti inakausha mpira. Acha vikauke nusu saa.

Alafu jaribu deki na kanda ambayo huijali. Cheza, peleka mbele, rudisha, toa, mara tatu nne. Ikipita hapo ndo unaiamini na kanda ya harusi.

Kuunganisha na kinasa

Unahitaji kinasa video cha USB, kile kidude chenye matundu ya njano, nyeupe na nyekundu na mara nyingi S-Video. Mi ushauri wangu chukua kinachopeleka picha ghafi kwenye kompyuta, sio vile vyenye skrini ndogo vinavyorekodi vyenyewe kwenye fleshi, vile vinabana picha sana na hauna namna ya kurekebisha. Na ile adapta ya kugeuza AV kuwa HDMI alafu unanasa HDMI, iache pia, inavuruga picha na kuipanua kabla hata haijafika kwako.

Waya zinatoka upande ulioandikwa OUT wa deki, sio IN, nakwambia hivi maana nusu ya wanaosema "picha haiji" wamechomeka IN. Njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. Kama deki na kinasa vyote vina S-Video tumia hiyo kwa picha na njano uichomoe, sauti inabaki kwenye nyeupe na nyekundu. Deki ya sauti ya mono ina tundu moja tu la sauti, chomeka kwenye nyeupe. Usitumie waya wa antena.

Kanda za VHS zina tatizo la mistari ya picha kuyumba, unaiona kama mlango au nguzo iliyonyooka inajipinda juu, na ikizidi kinasa kinakosa fremu na sauti inaanza kuachana na midomo. Dawa yake ni kifaa kinaitwa TBC kinachopanga upya muda wa kila mstari. Baadhi ya deki za S-VHS zinayo ndani. Ambao hatuna, kuna rekoda za DVD ambazo ukizipitisha katikati, deki kwenda rekoda alafu rekoda kwenda kinasa, bila hata kuweka diski, zinatuliza picha vizuri sana. Kanda moja ya sherehe ya shule ilikuwa inapoteza fremu kila dakika, nilipoweka rekoda katikati ikapita saa nzima bila kupoteza hata moja.

Kuseti kompyuta

Nafasi ya diski kwanza. Picha ghafi ya PAL bila kubanwa ni kama GB 75 kwa saa, ukibana kwa kodeki (njia ya kubana video) isiyopoteza kitu kama HuffYUV, Lagarith au FFV1 inashuka mpaka nusu hivi au chini ya hapo. Ndio ni kubwa, lakini ni ya muda. Angalia pia diski yako imefomatiwaje, kama ni FAT32 faili haliwezi kuzidi GB 4 na rekodi itakatika katikati ya kanda wakati we uko jikoni. Tumia NTFS au exFAT, na nasia kwenye diski ya ndani sio fleshi.

Kwa Windows, programu ninayoiamini ni VirtualDub kwenye sehemu yake ya kunasa. Seti ukubwa 720x576 na fremu 25 kama ni PAL, 720x480 na 29.97 kama ni NTSC, rangi YUY2, kodeki moja ya hizo nilizotaja, sauti 48 kHz biti 16 bila kubanwa. Inakuonyesha idadi ya fremu zilizopotea, ukiona zinaongezeka simama utafute sababu. Kama hayo yanakutisha au unatumia Mac au Linux, OBS Studio inafanya kazi: ongeza kinasa kama chanzo, bonyeza kulia kwenye chanzo uchague kuondoa mistari (Deinterlacing) kwa Yadif 2x, seti fremu 50 kwa PAL au 59.94 kwa NTSC na ubora wa juu. Utapata kitu kizuri cha kuangalia, ila sio nakala ghafi, kwahiyo kwa kanda zenye thamani kubwa mi naenda njia ndefu.

Zima kompyuta kulala, zima masasisho, funga braoza.

Mwanga nao. Kabla ya kurekodi tafuta sehemu yenye kitu cheupe zaidi kwenye kanda na uangalie. Kwenye ile ya harusi setingi za mwanzo za kinasa zilifanya gauni la mama liwe bonge la nyeupe tupu, nilipopunguza mwanga na kontrasti kidogo zikatokea lesi za mikononi na mikunjo ya kitambaa, vitu ambavyo kwenye tivii yetu ya zamani sikuwahi kuviona. Nyeupe ikishakatwa wakati wa kunasa hairudi, giza kidogo unaweza kulirekebisha baadae. Sauti vilevile, sehemu yenye kelele zaidi iishie karibu na -6 dB isigonge juu.

Kunasa

Peleka kanda mbele mpaka mwisho alafu irudishe yote mwanzo bila kuicheza, hii inalegeza utepe ulioshikana na kuukaza sawasawa. Ondoa maandishi ya deki kwenye skrini. Nasa dakika tano za majaribio, zitazame, angalia midomo ya watu na sauti.

Vikikubali, anza kurekodi kwenye kompyuta kwanza ndo ubonyeze play. Mistari ya chenga ikitokea acha traking ya deki (inayopanga hedi zifuate mistari iliyorekodiwa) ijipange yenyewe, isipoweza tumia vitufe vya traking mpaka itoke, alafu rudisha mwanzo uanze upya. Vimistari vinavyocheza kule chini kabisa ya picha usihangaike navyo, vipo kwenye kila kanda ya VHS, tivii za zamani zilikuwa zinavificha tu nyuma ya ukingo.

Kaa chumbani. Ukisikia deki imebadilisha sauti, simamisha hapohapo.

Na acha kanda iende mpaka mwisho, hata ikibaki skrini ya bluu. Watu walikuwa wanarudia kurekodi juu ya kanda zilezile na mwisho wa utepe panabaki vipande vya zamani. Mi baada ya harusi kuisha na bluu ya dakika kama kumi na moja, picha ikarudi ghafla, bibi amekaa kwenye mkeka anachambua mchele anamuuliza aliyeshika kamera "we hicho kitu hakiungui?" Sekunde arobaini. Sauti yake hatukuwa nayo sehemu nyingine yoyote.

Kanda ikiwa na chenga nyingi inase mara mbili, ikiwezekana kwa deki tofauti, utachukua vipande vizuri vya kila moja. Na kanda ya dukani ikitoka mwanga unapanda na kushuka, huo ni ulinzi wa kunakili umewekwa makusudi. Mwongozo huu ni wa kanda zako.

Kutengeneza faili la kutazama

Faili ghafi halina raha kwenye simu, kila fremu ina nusu mbili zilizopishana muda na mtu akitembea unaona meno kama ya kitana. Tengeneza nakala ya pili ya MP4. Kwa FFmpeg, programu ya kubadilisha video kwa kuandika amri, amri ninayotumia kwa PAL ni hii:

ffmpeg -i asili.avi -vf "bwdif=1,scale=768:576,setsar=1" -c:v libx264 -crf 18 -preset slow -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 192k kutazama.mp4

bwdif=1 inatoa fremu 50 kwa sekunde badala ya 25, ndo inabaki na ule ulaini wa mwendo wa video ya zamani. Watu wakionekana kama wanaruka mbele na nyuma, mpangilio wa nusu umegeuka, andika bwdif=1:1. Kwa NTSC weka scale=640:480. Usiyependa amri tumia HandBrake, washa Yadif na uchague Bob.

Picha iache 4:3. Usiivute kujaza skrini pana, unawafanya ndugu zako wote wanene. Na hizi programu za kuongeza ubora kwa akili bandia mi siziweki kwenye nakala ya kutunza, zinabuni sura, unaangalia macho ya mtu uliyemjua unaona sio yake.

Kutunza

Majina ya mafaili yaanze na mwaka: 1994-08_harusi_kanda01.avi, yatajipanga yenyewe. Kanda yenyewe iandike namba hiyohiyo na lebo yake ipige picha, yale maandishi ya mkono nayo ni kumbukumbu.

Nakala ziwe tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, na moja ikae nje ya nyumba yako. Ghafi ukiweza itunze, ikikushinda kwa ukubwa ibadilishe iwe FFV1 ndani ya MKV, inapungua bila kupoteza kitu. Kila mwaka fungua mafaili machache uone yanacheza.

Kanda usizitupe. Zirudishe mwanzo, zisimamishe wima kama vitabu, mbali na jua, unyevu na spika kubwa.

Kabla hujawatumia ndugu, kaa kwanza na mkubwa mmoja wa familia aliyekuwepo siku ile, mchezee kwenye skrini kubwa, simu yako iwe inarekodi sauti pembeni. Simamisha kila sura usiyoijua, muulize ni nani na alikuwa wa nani, alafu andika majibu kwenye faili dogo la maandishi lenye jina lilelile la video, pamoja na dakika anapotokea. Mimi kwenye dakika ya 23 kuna mtoto anacheza karibu na meza ya keki, watu wanne walimtazama wakasema hawamjui, wa tano akasema, "huyo ni mimi mwenyewe."